Madoa meupe kwenye picha za Mbudya: si chumvi wala majini, ni mahali taa ilipokaa

Kila Jumatatu asubuhi, baada ya wikiendi ya jua, picha za visiwa vya Mbudya na Bongoyo huanza kumiminika kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu amevaa miwani ya kuzamia, nyuma yake matumbawe, pembeni samaki wa njano wawili watatu, na juu ya yote hayo mvua ya madoa meupe. Mengine madogo kama ufuta, mengine makubwa ya duara kama sarafu. Maoni nayo hayachelewi. Mmoja anasema ni chumvi. Mwingine anasema kamera imeingia maji. Wa tatu anaapa kwamba bahari ya Dar imechafuka kiasi hicho, ndiyo maana yeye wageni wake huwapeleka Zanzibar. Na hakosekani wa nne, anayeandika kwa tahadhari kwamba maduara yale si ya kawaida, bahari ina wenyewe.

Nimepiga picha chini ya maji kwenye visiwa hivi kwa miaka kadhaa na swali hili huulizwa kila ninaposhuka botini. Jibu lake si gumu, ila linataka lipangwe tangu mwanzo.

Unapopiga picha chini ya maji kwa flashi, mwanga hutoka kwenye taa, husafiri hadi kwa samaki, humgonga, kisha hurudi kwenye lenzi. Hiyo ndiyo picha uliyoitaka. Lakini kati ya lenzi na samaki kuna maji, na ndani ya maji mna chembechembe: punje za mchanga, tope laini, vipande vya nyasi bahari, mayai ya viumbe, pamoja na vijimea na vijidudu vidogo mno vinavyoelea, ambavyo kwa jumla huitwa planktoni. Kila chembe inayokutana na mwanga wa flashi hurudisha sehemu ya mwanga huo kwenye lenzi. Huo nitauita hapa mwanga unaorudi. Kila doa jeupe unaloliona kwenye picha ni chembe moja iliyomulikwa.

Wengi wetu tulikutana na jambo hili utotoni bila kulipa jina. Uko chumbani, dirisha limefungwa, na juu kwenye bati kuna tundu la msumari. Jua linapita pale kama fimbo, na ndani ya fimbo hiyo vumbi linacheza. Ukihamisha macho pembeni, chumba kilichobaki kinaonekana kisafi kabisa. Kumbe vumbi limejaa chumba kizima, ila linaonekana pale tu mwanga unapoligusa huku nyuma yake pakiwa na giza. Bahari ni hivyohivyo. Siku ya maji maangavu pale Mbudya unaweza kuona mbali bila kugundua chembe hata moja, kwa sababu mwanga wa jua unatoka juu na umesambaa kila upande. Unawasha flashi, na papo hapo umejitengenezea ile fimbo ya jua mbele ya pua yako.

Sasa turudi kwa wale wanne wa WhatsApp.

Chumvi tuimalize haraka. Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi katika kila lita, lakini imeyeyuka, kama sukari iliyokorogwa kwenye chai. Umulike kikombe cha chai kwa tochi unavyotaka, sukari huioni. Kamera nayo ikiingia maji kweli, dalili zake ni nyingine: kioo kinapata ukungu kwa ndani, picha nzima inafifia, mwishowe inazima. Haikupi vidoa vilivyotawanyika vizuri juu ya samaki.

La majini nalichukulia kwa heshima, maana nimekulia pwani na najua watu wanavyoiogopa bahari na kuiheshimu. Ila maduara yale unaweza kuyapata nchi kavu, nyumbani kwako. Usiku wa masika simama barazani, washa flashi ya simu, piga picha mvua inayonyesha. Yatatokea yaleyale, meupe, ya duara, yanaelea hewani. Lenzi imelenga mbali, kwa hiyo tone lililo karibu nayo sana haliwezi kutokea likiwa kali. Mwanga wake unatanuka na kuwa duara, na kadiri tone lilivyo karibu ndivyo duara linavyokuwa kubwa. Hii ndiyo sababu picha moja ya baharini ina ufuta na sarafu kwa pamoja. Ufuta ni chembe zilizo mbali, jirani na samaki. Sarafu ni chembe zilizo sentimita chache tu mbele ya lenzi.

Hoja ya maji machafu ina ukweli ndani yake, lakini watu huielewa vibaya. Ni kweli kwamba masika, kati ya Machi na Mei, mito ya Msimbazi, Kizinga na Mzinga humwaga tope baharini, na ni kweli kwamba pepo za kusi huivuruga bahari kuliko kaskazi. Wavuvi wa Kunduchi wana hesabu nzuri zaidi ya hiyo, nami huifuata: wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupanda na kushuka kwa nguvu na kuinua mchanga. Wakati wa maji mafu bahari hutulia. Na siku hiyohiyo moja, maji yanapojaa huleta maji maangavu kutoka bahari kuu, yanapokupwa hutoa tope la kwenye mikoko. Mtu akishuka saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa na mwenzake akashuka yakiwa yanakupwa, wataleta picha ambazo hutaamini zimepigwa kisiwa kimoja.

Lakini si kila chembe ni uchafu. Planktoni ndiyo chakula kinachoanzisha maisha ya baharini. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huja Mafia karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi kufuata chembe hizohizo zinazotuharibia picha. Maji yakiwa na ukijani wa planktoni, yeye anaona sahani iliyopakuliwa. Na hata kwenye maji maangavu kuliko yote, Zanzibar au kwingineko, chembe hazikosi. Kwa hiyo kuhama kisiwa hakutakuokoa kama taa yako imekaa vibaya.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe, na naomba usome taratibu.

Mwanga wa taa hupungua upesi kadiri unavyokwenda. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaofika ni robo. Umbali ukiwa mara 10, unaofika ni sehemu moja ya 100. Sasa mfikirie pweza aliye mita 1 kutoka kwenye flashi, na chembe iliyo sentimita 10. Chembe ile inapata mwanga mara 100 ya anaoupata pweza, na hapo bado hatujahesabu mwanga unaomezwa na maji njiani. Ni ndogo kuliko kichwa cha pini, lakini imemulikwa kupita kiasi. Ukiongeza nguvu ya flashi, umewaongezea wote wawili kwa kipimo kilekile na tofauti yao imebaki palepale. Ndiyo maana huwasihi watu wasitupe hela kwenye flashi kali zaidi wakidhani itayapita madoa. Itayang'arisha. Kamera ya mamilioni nayo, ikiwa taa imefungwa juu ya lenzi, itakupa madoa ya mamilioni, makali na yenye kuhesabika.

Dereva aliyewahi kupanda Lushoto asubuhi ya ukungu ameshayaona haya. Akiwasha taa kubwa, ukuta mweupe unasimama mbele ya kioo. Akishusha, barabara inarudi. Taa za ukungu hufungwa chini kwenye bampa, mbali na macho yake. Ukungu ni uleule, mwanga bado upo, kilichobadilika ni njia ambayo mwanga unapita. Mwanga ukipita njia ileile ambayo jicho linatazama, jicho linaona ukungu. Ukipita njia nyingine, jicho linaona barabara.

Sasa itazame simu yako. Flashi na lenzi vimekaa bega kwa bega, sentimita moja au mbili tu katikati. Hakuna mpangilio mbaya kuliko huo kwa picha ya chini ya maji. Ukiitia kwenye ule mfuko wa plastiki wa kuning'iniza shingoni unaouzwa ufukweni, flashi inagonga kwanza plastiki yenye mikwaruzo, na sehemu ya mwanga inarudi kwenye lenzi kabla hata ya kutoka nje.

Kwa anayepiga kwa simu, basi, dawa ni moja na inatosha: zima flashi. Izime kabisa, usiiache ijiamulie yenyewe, maana ikiona giza itawaka. Piga kwa mwanga wa jua, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana jua linapokuwa juu, kwenye kina kisichozidi mita 4 au 5, jua likiwa mgongoni kwako. Tumia kitufe cha sauti kupigia, kwa sababu kioo cha kugusa hakisikii vizuri ndani ya maji. Picha itakuwa na ubluu, hilo ni kweli, kwa kuwa maji huimeza rangi nyekundu mapema kuliko nyingine na kufikia mita 5 imeshapungua sana. Ubluu huo unaweza kuurekebisha baadaye kwenye simu. Madoa 300 huwezi.

Ubluu huohuo ndio unaotufanya wengine tubebe taa. Ukitaka wekundu wa sponji au rangi halisi ya tumbawe kwenye kina cha mita 12, huna budi kushuka na mwanga wako. Na ukishuka nao, jambo la kwanza ni kusogea. Kila sentimita ya maji uliyoipunguza kati yako na samaki imeondoka na chembe zake. Kuvuta kwa zumu hakusaidii, maana samaki anakua kwenye picha lakini maji ya katikati yako palepale na madoa yanakua pamoja naye. Mimi nikiwa na flashi sipigi kitu kilicho zaidi ya mita 1. Kikiwa mbali zaidi, nakitazama tu kwa macho na nafurahi.

La pili ni kuitenga taa na lenzi, na hili nililifundishwa na mtu ambaye hajawahi kumiliki kamera. Ni mzee mmoja wa Kunduchi aliyezamia kamba kochi usiku kwa miaka mingi. Nilimwamkia, nikamwonyesha tochi yangu mpya ya kuvaa kichwani. Aliigeuzageuza mkononi kisha akaniambia, "Mwanangu, hii usoni itakupofusha. Tochi ishike kiunoni, umulike kwa ubavu. Hapo kamba utamwona mpaka ndevu." Usiku ule nilijaribu zote mbili. Ya kichwani ilinionyesha theluji tupu. Ya kiunoni ilinionyesha kamba, na ndevu zake.

Hata picha zinazohesabiwa kuwa za kwanza za rangi kupigwa chini ya maji zilifuata njia hiyo. Mwaka 1926, kwenye visiwa vya Dry Tortugas, Florida, mwanasayansi William Longley na mpigapicha Charles Martin waliweka unga wa magnesiamu juu ya chelezo na kuulipua juu ya uso wa bahari. Kamera ilikuwa chini, mwanga ulitoka juu. Shida yao kubwa ilikuwa kupata mwanga wa kutosha, lakini taa yao ilikaa mbali na lenzi, mahali pazuri.

Umeme ukikatika usiku unaweza kulipima jambo hili chumbani. Mwambie mtu akung'ute shuka mbele yako. Weka tochi ya simu kando ya jicho, utaona vumbi linameremeta kama nyota. Kisha nyoosha mkono wote pembeni, umulike ukuta wa mbele kwa upande. Hewa iliyo mbele ya jicho lako itatulia, na ukuta utauona.

Kuna kosa moja ambalo karibu kila mwenye taa zilizofungwa kwenye mikono ya kamera hulifanya, nami nililifanya mwaka mzima. Acha nilieleze kwa pweza.

Nilimkuta kwenye shimo la tumbawe upande wa mashariki wa Mbudya, mita 6, maji yanajaa. Picha ya kwanza niliipiga taa ikiwa imekunjwa juu ya kamera. Ilikuwa nyeupe karibu yote, jicho lake halikuonekana. Nikafungua mkono wa taa, nikaupeleka kushoto umbali wa dhiraa moja, nikaielekeza taa kwa pweza moja kwa moja. Nilidhani nimemaliza. Picha ya pili ikatoka safi upande wa kulia na imejaa madoa upande wa kushoto. Niliitazama palepale chini, nikaelewa: mwanga wa taa hauendi kama fimbo, unatanuka kama faneli. Taa ilikuwa pembeni, lakini faneli yake ilikata mbele ya lenzi ikiwa njiani kwenda kwa pweza, na ilikomulika njiani ndiko kuliko na madoa.

Kwa picha ya tatu niliirudisha taa nyuma hadi usawa wa sikio langu, kisha nikaigeuza itazame nje kidogo, mbali na pweza. Mkono ulisita, kwa sababu akili inakataa kuelekeza taa pasipo na unachopiga. Lakini faneli ina ukingo, na ukingo ule ndio uliomgusa. Maji ya mbele ya lenzi yalibaki kizani. Pweza akatokea na ngozi yake yote, vinundu, mikunjo, na ile mboni iliyolala kama mstari. Madoa yalibaki manne. Wenye taa mbili hufanya vivyo hivyo kulia na kushoto, zote nyuma, zote zimetazama nje kidogo, na kati yake kunabaki kabari ya giza ambamo lenzi inatazama. Kwa kitu kidogo kama konokono wa bahari, taa moja kutoka juu au ubavuni, iliyobanwa kwa bomba jembamba, hufanya kazi nzuri kuliko mbili.

Rangi ya nyuma nayo ina kazi. Mwaga punje za mchele kwenye sinia jeusi, utazihesabu. Zimwage kwenye sinia jeupe, zinapotea. Ukipiga ukiwa umeinamia shimo lenye giza, kila chembe itajitangaza. Ukishuka chini kidogo na kupiga ukielekea juu, nyuma pakawa na bluu ya maji yenye jua, chembe zilezile humezwa na bluu. Mwenye kamera inayokubali kurekebishwa apunguze kidogo kasi ya shata, yaani lenzi ikae wazi kwa muda mrefu zaidi, bluu ya nyuma iingie zaidi, na nguvu ya flashi aishushe.

Halafu kuna chembe tunazozileta wenyewe, na hapa nasema kwa uchungu. Nusu ya mchanga ninaouona kwenye picha za wikiendi umeinuliwa na mapezi ya mwenye kamera. Mtu anasimama wima, anapiga miguu kama anayeendesha baiskeli, na chini yake wingu linapanda. Jifunze kwanza kuelea umelala, tumbo chini, miguu imekunjwa kidogo, ukisukuma maji kwa nyuma kama chura. Msogelee samaki ukiwa umeelekea mkondo, ili ulichokitimua kiende nyuma yako badala ya kukutangulia. Ukishaharibu, ngoja dakika chache, mkondo utapachukua. Na usishike tumbawe ili utulie. Maeneo tengefu ya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini yalitangazwa mwaka 1975 kwa ajili ya matumbawe haya, na tumbawe la duara hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Ulilolivunja kwa goti kwa ajili ya picha moja lilianza kabla hujazaliwa.

Wengi huniuliza kuhusu programu za kufuta madoa. Nazitumia, kwa madoa manne ya pweza yule. Kwa picha iliyojaa, programu haijui doa lipi ni chembe na lipi ni la mnyama. Hili lina uzito kwa papa potwe hasa. Mgongo na ubavu wake vimejaa madoa meupe, na mpangilio wake ni kama alama ya kidole, hakuna papa potwe wawili wanaofanana. Watafiti, wakiwemo wanaofanya kazi Mafia, huwatambua mmoja mmoja kwa picha za ubavu huo, wakisaidiwa na mbinu ya kompyuta iliyobuniwa kwanza kulinganisha picha za nyota angani. Picha yenye chembe zilizong'aa inaongeza nyota ambazo hazipo. Picha iliyofutwa kwa programu inaondoa zilizopo.

Kwa hiyo nikienda Kilindoni taa zote nazitoa kwenye kamera na kuziacha botini, jambo ambalo mnyama mwenyewe anastahili pia. Nasubiri jua lipande, naelea mita 3 au 4 kutoka ubavu wake wa kushoto, nyuma kidogo ya matundu ya shavu, jua mgongoni, miguu imetulia. Napiga mara mbili tatu, namwacha apite. Madoa yaliyomo kwenye picha hizo ni ya kwake.